Silinda Sita

Kikao cha kununua gari la Hildegarda kilifanyika sebuleni kwake, juu ya makochi yake na kwa chai yake, na yeye mwenyewe akakisikilizia jikoni. Hakuna aliyemfukuza. Baba mkwe wake, mzee Samweli, alikuwa ametolewa chumbani na kuegemezwa kwenye kochi, na kwa mila ya Kinyakyusa aliyotoka nayo Tukuyu akiwa kijana, akaishika miaka yote aliyoendesha treni za Reli ya Kati, mkwe wa kike hakai chumba kimoja na baba wa mumewe. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono. Wanyakyusa wengi wa Kilosa walikwisha kuilegeza mila hiyo. Mzee Samweli hakuilegeza hata pale kiharusi kilipomuua upande mzima wa kulia.

Hildegarda, kwao Magole hawakuwa na mambo hayo, na juu ya hayo alikuwa muuguzi. Kutwa nzima aliwageuza na kuwaogesha wanaume asiowajua hata walikotoka, akirudi nyumbani mzee wake mwenyewe wanasalimiana kupitia ukutani. Basi kazi yote ya mgonjwa ilikuwa ya mumewe, Lupakisyo, ambaye mkataba wake kwenye ujenzi wa reli ulikuwa umekwisha. Yeye ndiye aliyemwogesha baba yake, akamlisha, akamshika kichwa ameze vidonge vya presha, akamnyoosha ule mkono uliokufa.

Uhamisho ukaingia katikati ya hayo. Hildegarda alipelekwa kituo cha afya Mikumi, na basi la asubuhi likawa linamfikisha kazini jua limeshapanda, mpaka akapewa onyo. Akaomba mkopo wa watumishi akiwa na shabaha moja tu: gari dogo, injini ya cc elfu moja na mia tatu, ajifunze, ajiendeshe mwenyewe kwenda na kurudi, mumewe abaki na baba yake. Barabara ilikuwa ndefu na ilikuwa ya kila siku. Gari lisilokunywa mafuta ndilo lingemwacha Lupakisyo nyumbani.

"Mwenzangu anapendekeza hili dogo," Lupakisyo alisema kule sebuleni, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nikolaus, kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa mchele wa Dumila, alicheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. "Hicho kiberiti? Barabara ya Mikumi? Sikiliza, mdogo wangu. Injini ndogo ukiipeleka safari ndefu inahema. Inahangaika. Na injini inayohangaika inakunywa kuliko ng'ombe wa kiangazi. Chukua silinda sita. Ile haihangaiki, inatembea yenyewe tu. Safari ndefu inakula kidogo kuliko hicho."

"Kweli, kaka?"

"Kamuulize dereva yeyote pale Dumila."

Uongo mzuri haukosi chembe ya ukweli, na chembe hiyo Nikolaus alikuwa nayo. Kigari kidogo ukikijaza watu watano na magunia ukakipandisha mlima, kitakunywa kweli, na kitakufa mapema. Lakini hapa hapakuwa na magunia. Palikuwa na muuguzi mmoja na mkoba wake.

Hildegarda aligonga kifuniko cha sufuria. "Baba Lightness! Njoo uchukue chai."

Lupakisyo alikuja, akasimama mlangoni.

"Umewaambia nitakuwa peke yangu humo ndani?"

"Nitawaambia."

"Waambie na mshahara unaokatwa ni wangu."

"Hilo siwezi kulisema mbele ya baba, Mama Lightness. Nawe unajua."

Alirudi na birika la chai na hakusema hili wala lile. Hildegarda alimsikia Nikolaus akivuta kiti karibu na mgonjwa. "Baba, wewe umeendesha vichwa vya treni sisi hatujazaliwa. Utuamulie. Dogo au kubwa?"

Mdomo wa mzee Samweli ulikuwa umekwenda upande, na neno moja lilimgharimu kama mtu anayevuta ndoo ya maji kisimani. Walimsubiri.

"Ku-bwa," alisema.

Wakapiga makofi. Neno la baba likiisha kutoka, nani tena wa kufungua kinywa? Hildegarda alisikia makofi yale akiwa ameshika kitambaa cha vyombo, na alitamani kuingia awatazame wote machoni, mmoja mmoja. Badala yake akakata mkate wa wageni.

*

Gari lilikuja kupitia kwa rafiki wa Nikolaus. Lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi, na injini yake ilinguruma kwa upole wa mtu mwenye fedha zake. Mkopo haukutosha, ikabidi uongezwe. Jioni ya kwanza wanaume wa mtaa walifungua boneti wakazihesabu silinda kana kwamba Lupakisyo amezizaa yeye. Tangu siku ile akaacha kuitwa Lupa. Akawa bosi.

"Lini unanifundisha?" Hildegarda alimuuliza.

"Hili si gari la kujifunzia. Ukivunja taa moja tu, mshahara wako wa miezi miwili."

"Kwa hiyo?"

"Nitakupeleka mwenyewe. Kuna ubaya gani mtu kumpeleka mkewe kazini?"

Juma la kwanza alimshusha Mikumi, akageuza kurudi Kilosa kwa baba yake, jioni akamfuata tena. Sindano ya mafuta ilishuka kana kwamba tangi limetoboka. Kabla mwezi haujafika katikati, fedha ya mafuta ilikuwa imekwisha, na ya mboga imeanza kuchotwa. Hapo Lupakisyo akapata wazo, na alilitoa wakiwa njiani, macho mbele.

"Nikiisha kukushusha, nitakuwa nasubiri hukohuko Mikumi. Tutaokoa nusu ya mafuta."

"Na baba?"

"Nitamwogesha kabla hatujatoka. Vidonge vya mchana nitamwekea kwenye kisahani, karibu na mkono mzima. Joha atakuwa anamchungulia."

Joha alikuwa jirani, mama Yusrah, mpika maandazi. Mtu mwema, lakini mwenye jiko lake na wateja wake. Hildegarda alitaka kusema kwamba mgonjwa wa kiharusi hachunguliwi kama sufuria ya maharage. Lakini saa ya kazi ilikuwa inakaribia, onyo lilikuwa kichwani mwake, na kama asingekuwa kwenye gari lile, angekuwa kwenye basi. Alinyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma tangu siku ileile.

Wakaanza maisha ya kulinyenyekea gari. Kwenye miteremko Lupakisyo aliitoa gia akaliachia frii, likateleza lenyewe, usukani ukawa mzito na Hildegarda akawa anashika mlango. Kiyoyozi hakikuwashwa, kwa kuwa nacho kinakula mafuta. Ila wakikaribia nyumba za watu, Lupakisyo alipandisha vioo vyote, ili waonao wajue ndani kuna baridi. Walipita katikati ya Kilosa vioo juu, wameiva kwa jasho, wakipungia watu mkono.

Pale sheli, kijana wa pampu alimwamkia, "Shikamoo bosi," akalisogelea gari kwa heshima zote. Aliposikia kiasi cha fedha, heshima ikapungua. "Za hizo tu, bosi? Hii si itaishia kwenye bomba?" Waendesha bodaboda waliopanga foleni nyuma wakacheka. Lupakisyo naye alicheka, kwa kuwa angefanya nini, na Hildegarda akageuza uso upande wa pili.

Kazini nako yalimfuata. Michango ya harusi, mwenzake akiandikiwa kadi ya mtu mmoja, yeye anaandikiwa ya watu wawili. "Mama wa silinda sita, usitunyime bwana!" Wakati huohuo mwenye silinda sita alikuwa amelaza kiti chini ya kivuli huko nje, buti wazi, hajala. Mchana Hildegarda alimpelekea sahani yake ya ugali ameifunika kwa karatasi, wakala nusu kwa nusu ndani ya gari, wamepandisha vioo.

*

Ijumaa moja waliporudi, Joha alimvuta Hildegarda pembeni ya uzio.

"Mama Lightness, mimi sitaki kuonekana mmbeya. Lakini leo nimefagia chumba cha mzee. Vidonge nimeviokota chini ya kitanda."

"Vingi?"

"Kiganja. Ule mkono mmoja unatetemeka, dada. Anavisogeza vinaanguka. Nikimuuliza anasema amemeza. Mwanaume yule, aniambie mimi ameshindwa kidonge?"

Hildegarda alikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa chumba cha mzee, mahali pake pa kila jioni.

"Shikamoo, baba."

"Ma-haba."

"Dawa ya mchana umemeza, baba?"

"Ni-memeza."

Alijua ni uongo, na alijua akizunguka hatua chache aingie mlangoni, atamfungua mzee kope, atampima presha, atayajua yote. Pia alijua mzee angegeuka ukutani kwa aibu, na ukoo mzima hadi Tukuyu ungesikia kwamba mke wa Lupakisyo amemvua baba mkwe nguo. Kwa hiyo muuguzi wa miaka mingi alibaki na paji la uso kwenye tofali. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mumewe aliyekuwa akipaka rangi matairi ya gari.

"Uza."

"Nini?"

"Uza hili gari. Baba hamezi dawa. Mchana hana mtu, na wewe unalala Mikumi ndani ya viti vya ngozi."

"Nasubiri Mikumi kwa sababu yako! Nikirudi mafuta yanaisha, usipofika kazini wanakufukuza, hiyo dawa yenyewe itanunuliwa na nani?"

"Ndiyo nasema uza. Tununue nilichosema mimi."

Lupakisyo alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Hildegarda kuliko yote. Mume mbaya angejua la kumfanya. Lupakisyo alichukua simu, akampigia kaka yake, akaweka spika.

"Kuuza?" Nikolaus alisema. "Saa hizi? Mafuta yalivyopanda, mdogo wangu, silinda sita utamuuzia nani? Watu wote wanakimbilia vigari vidogo siku hizi. Vile vya cc elfu moja na kitu. Labda uliachie kwa nusu ya bei."

Hildegarda alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mara moja, na Lupakisyo akazima spika haraka.

Walikubaliana hivi: mshahara ukitoka, litauzwa kwa bei yoyote. Mpaka hapo, Joha atapewa chochote amsimamie mzee mchana. Kwa nini hakupanda basi Jumatatu ileile, akapokea hilo onyo la pili, wakamfanya watakavyo? Hildegarda alijiuliza swali hilo baadaye, mara nyingi, na hakuna jibu alilolipata ambalo lilimwacha alale.

*

Simu ya Joha iliingia Jumatano, Hildegarda akiwa anamfunga mama mmoja kidonda.

"Dada, mzee yuko chini! Nimekuta mlango wazi, yuko chini sakafuni, anakoroma, mdomo povu. Sijui tangu saa ngapi. Nilikuwa na oda ya maandazi, dada, nisamehe..."

"Sikiliza. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maji, usimpe kitu. Tafuta bajaji, hospitali ya wilaya sasa hivi. Joha, unanisikia? Kwa ubavu."

Akatoka mbio na glavu mkononi. Lupakisyo aliamka kwenye kiti akamwona, hakuuliza. Injini ikawaka.

Kwa haki tupu, gari lile siku hiyo lilifanya yote liliyosifiwa. Lilikamata lami likaimeza. Malori lilikuwa linayapita kama yamesimama, wala halikutetemeka wala kuhema. Lupakisyo alikanyaga mpaka mwisho, machozi yanamtoka, akisema, "Tunafika, tunafika." Hildegarda hakuangalia barabara. Alikuwa anaiangalia sindano. Alfajiri waliweka mafuta ya kwenda na kurudi kwa mwendo wa kubembeleza, wa kuteleza frii. Mwendo huu wa sasa haukuwamo kwenye bajeti. Kila alivyokanyaga, silinda sita zilidai chao.

"Taa ya mafuta imewaka," Hildegarda alisema.

"Nimeona."

"Punguza mwendo tufike."

"Baba yangu anakufa, wewe unaniambia nipunguze!"

Lilizima karibu na kijiji kiitwacho Ulaya, kati ya Mikumi na Kilosa. Lilizima kistaarabu, bila kelele, likajikokota hadi pembeni mbele ya kibanda cha mama aliyekuwa anauza petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji. Lupakisyo aliruka nje.

"Mama, shikamoo. Nipe zote ulizonazo."

"Marahaba. Nilizo nazo ndizo hizo tatu, mwanangu. Zinatosha pikipiki tatu." Mama yule aliliangalia gari kuanzia taa hadi taa. "Hilo sijui."

Lupakisyo hakuwa na hata senti. Hildegarda alitoa simu amlipe, mtandao ukazunguka, ukazunguka. Mama alimtazama mavazi yake meupe na mkono wake uliobaki na glavu. "Nenda tu, mwanangu. Utanirushia." Wakakosa faneli. Wakakata chupa ya maji wakaifanya faneli, Lupakisyo akamimina kwa pupa, petroli nyingine ikamwagikia kwenye rangi nyeusi inayong'aa, nyingine chini mchangani.

Walipofika hospitali, Joha alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga kichwani. Alipowaona akaanza kulia, nao hawakuhitaji kuambiwa.

Lupakisyo alikalia sakafu ya ukumbi na hakuweza kuinuka. Kwa hiyo aliyeingia ni Hildegarda. Muuguzi wa zamu, aliyekuwa akimfahamu, alifunua shuka bila kujua anachokifanya. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Hildegarda akamtazama baba mkwe wake usoni. Alikuwa na nyusi nene na kovu dogo kidevuni. Alikuwa anafanana na Lightness, mjukuu wake, kabisa, na Hildegarda hakuwa amelijua hilo. Upande mmoja wa uso ulikuwa na vumbi la sakafu limeganda na mate. Alichukua pamba na maji akalifuta, akafuta na sikio, na wala hakuomba ruhusa ya mtu.

*

Kwenye misiba yetu, kabla mwili haujatolewa, husimama mtu wa nyumbani akatoa taarifa ya ugonjwa wa marehemu. Nikolaus alimfuata Hildegarda jikoni kwenye masufuria ya wafiwa.

"Shemeji, wewe ndiye mtaalamu. Utasema kwa kifupi tu. Presha ilipanda ghafla, juhudi zilifanyika, Mungu akampenda zaidi."

Hildegarda alisimama mbele ya turubai. Wazee wa ukoo walikuwa safu ya kwanza, gari jeusi nyuma yao limefungwa kitambaa cheupe kwenye vioo.

"Presha ya baba haikupanda ghafla," alisema. "Baba alikuwa hamezi dawa za mchana kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshika kichwa. Mimi sikuruhusiwa. Mwanawe alikuwa Mikumi, kwa kuwa gari hili halikuwa na mafuta ya kumrudisha nyumbani. Siku ile baba alianguka akiwa peke yake, akakaa sakafuni mpaka jirani alipofika. Huo ndio ugonjwa."

Shangazi mmoja alikohoa. Mtu wa nyuma akasema, sauti ya kusikika, "Mwanamke hana adabu huyu." Nikolaus alisimama akashukuru kwa taarifa, akasema siku ya mtu ikifika imefika, akamwomba mwinjilisti aendelee, na mwinjilisti akaendelea. Haikuchukua muda wimbo ukapanda, na maneno ya Hildegarda yakafunikwa kabla ya marehemu.

Baada ya mazishi watu walikula pilau. Vyombo vilipokuwa vinakusanywa Nikolaus alikuja tena, safari hii akitabasamu kwa upole wa msibani.

"Shemeji, yaliyopita yamepita. Sisi wa Dumila tuko sita na shangazi. Tulikuwa tunaona, kwa kuwa gari lipo..."

"Lipo," Hildegarda alisema. "Mafuta wekeni nyinyi."

Nikolaus alikwenda kuwashauri wenzake. Baada ya muda walionekana wakiteremka kwa miguu kuelekea stendi, shangazi akiwa wa mwisho, viatu mkononi.

Hildegarda alipotoka kumwaga maji alisikia mngurumo. Lupakisyo alikuwa amejifungia ndani ya gari, vioo juu, injini inawaka, kichwa kwenye usukani. Alikuwa analia kwa sauti na alikuwa ameiwasha injini ili watu wasimsikie. Bomba lilikuwa linatoa moshi mwembamba kwenye ua ambao bado ulikuwa na viti vya kukodi. Hildegarda alimwangalia kupitia kioo. Alimhurumia, na alimchukia, na hakuona kimoja kinachoweza kukifukuza kingine.

Alifungua mlango, akapitisha mkono juu ya mapaja yake, akazungusha ufunguo. Injini ikazimika, na kilio cha mumewe kikasikika kilivyo mpaka kwa majirani.

"Unachoma mafuta," alimwambia. "Kesho nina zamu."